Mkasi Unaotafuna Kitambaa

SWALI: Assalaam aleikum. Mkasi wangu wa inchi 10 wakata mabuibui vizuri hadi katikati, lakini nchani watafuna, hasa shifoni za mitandio. Naambiwa nikate msasa mara kadhaa utapona. Ni kweli?
Fundi cherehani, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Tafadhali usikate msasa. Hukwaruza makali yakashika nguo siku mbili tatu, lakini hauyanoi.

Anza na skrubu. Shika mpini mmoja, nyanyua wa pili mkasi upanuke, kisha uachie. Ukijifunga wenyewe mpaka mwisho, umelegea. Na mkasi uliolegea hukunja kitambaa badala ya kukikata. Kaza kidogo kidogo mpaka usimame ukibakiza kama theluthi kufunga. Mara nyingi dawa ni hiyo tu.

Bado watafuna? Pitisha pamba juu ya makali. Ikinasa, hapo pana pengo, pengine ulikata pini.

Loweka jiwe la kunolea la nambari 1000 majini dakika 10. Fungua skrubu utenganishe bapa mbili. Kama ni ribiti, yaani msumari usiofunguka, upanue mkasi tu. Paka wino wa kalamu nene kwenye ule mshazari wa upande wa nje, yaani sehemu iliyoinama kuelekea makali, uulaze barabara juu ya jiwe, kisha vuta kutoka kwenye kiungo hadi nchani kwa mkupuo mmoja. Baada ya mara 5, tazama wino. Umebaki ukingoni? Umelaza mno. Umefutika ukingoni peke yake? Umeinua mno. Endelea mpaka wino uishe na kidole kihisi mkwaruzo mwembamba, yaani ukingo wa chuma uliojikunja, upande wa ndani, urefu wote wa bapa.

Upande wa ndani haunolewi! Umebonyea kidogo makusudi, ndiyo maana mkasi uliofungwa huonyesha mwanga katikati. Si kasoro, usiugonge nyundo. Ulaze sawasawa kabisa juu ya jiwe, uvute mara moja au mbili kwa wepesi, mkwaruzo uondoke. Ukifunga mkasi kabla ya hapo, bapa moja itachubua mwenzake.

Pangusa unga wa jiwe, rudisha skrubu uikaze kama mwanzo, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, kata matambara kwanza yanyonye mafuta.

SWALI: Kutu hurudi kila wiki. Nifanyeje?
Msomaji, Mkomani

JIBU: Ni chumvi ya upepo wa bahari na jasho la mkono. Ukimaliza kazi, pangusa mkasi ukauke, upake mafuta ya cherehani, uufunge kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya kupikia usitumie. Huganda kama ulimbo.