Fundi Anajibu: Igeuze Kwanza

*Fundi, habari za kazi na vumbi la huko mjini? Binti yangu amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma kusoma jiolojia. Nimedunduliza laki saba za kompyuta mpakato. Yeye anataka MacBook, mjomba wake haambiwi kitu juu ya HP, na kijana wa duka moja karibu na Nyerere Square amenionyesha Lenovo nyeusi, nzito kama ubao wa kukatia nyama. Kampuni ipi ni bora? Sina fedha ya kununua mara mbili. – Mwalimu, Kongwa*

Mwalimu, kazi inaendelea na vumbi lipo la kutosha. Nitakuudhi kidogo: swali la kampuni sina jibu lake. Ukija mezani kwangu Majengo nitakuonyesha mashine mbili zenye nembo moja, moja imefunguliwa mara nne na bado inadunda, nyingine nimeikusanya vipande kwenye mfuko wa rambo. Angalia ukoo, siyo kampuni. Lenovo ana ThinkPad, HP ana EliteBook, Dell ana Latitude. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi yanayonunua mamia kwa mkupuo na kuwa na mafundi wao, kwa hiyo ilibidi zifunguke bila kuvunjika. Kampuni zote tatu huweka wazi, bure, vitabu vya kuonyesha jinsi ya kufungua kila skrubu. Mimi ndivyo nilivyojifunzia.

Zile nyingine, nyembamba na za rangi rangi, hutengenezwa zivutie dukani. Mwezi huu nimepokea tatu zilizong'oka bawaba. Natu ndogo za shaba zinazoshika bawaba zimepachikwa kwenye plastiki tupu. Kila ukifungua kioo zinavutwa, hadi siku plastiki inapasuka. Nimeziziba kwa gundi ya epoksi. Zitarudi, nawajua wenyewe.

Kwa laki saba hupati ThinkPad wala EliteBook mpya, utapata mtumba (wa kutumika, Mwalimu, siyo Mtumba kule ziliko wizara). Usiogope. Ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha mashine baada ya miaka mitatu au minne, zikiwa bado na nguvu, na ndizo zinazoshuka Kariakoo kisha zinapanda basi kuja kwetu.

Sasa huyo binti. Jiolojia ina ramani, na ArcGIS Pro, programu ya kuchorea ramani, inakubali Windows tu. QGIS, mwenzake wa bure, inakwenda kokote. Hapo MacBook inaanza kuchechemea kabla hatujagusa bei. Lakini nisimnyime haki yake: MacBook Air yenye chipu ya M1, ya mwaka 2020, haina feni kabisa, na kwa mji wenye upepo wa Julai kama huu wetu hiyo ni neema, kwa sababu nusu ya kazi zangu ni kuchomoa blanketi la vumbi kwenye feni. Betri yake nayo inakaa mno. Tatizo ni kwamba memori na hifadhi vimelehemiwa kwenye bodi. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho, na bodi ikifa inaondoka na tasnifu. Angekuwa anasoma sheria, na wewe una milioni moja na nusu, ningesema mpe.

Kwa Windows, chunga kizazi cha prosesa, yaani ubongo wa mashine. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache sana. Soma namba: i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, inapita. i5-7300U haipiti. Muuzaji atakwambia "ni i5 tu, mama." Mwambie i5 ziko nyingi.

Hiyo Lenovo nyeusi, kama ni ThinkPad T480, mimi ningeichukua. Ina nafasi mbili za memori, unaongeza mwenyewe kwa bisibisi. Ina betri mbili, moja ndani na moja nje, na ya nje unaichomoa na kupachika nyingine mashine ikiwa hai. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia mtihani, utanikumbuka. Kibodi hutoka bila kubomoa mashine nzima. Dosari anazo: vioo vingi vya T480 ni hafifu, ukikaa barazani mchana huoni kitu, na programu ya tundu lake la chaji la USB-C ilitoka kiwandani na hitilafu inayoweza kuliua tundu, Lenovo walitoa marekebisho, hakikisha yamewekwa. Chunga pia herufi moja: T480s ni nyembamba zaidi, lakini ina nafasi moja tu ya memori na haina betri ya nje.

Mjomba naye hajakosea. EliteBook 840 G5 ina umbo la alumini, imekaza, ina nafasi mbili za memori. Latitude 5490 nayo ina nafasi mbili za memori, ila Dell hukagua chaja: ukichomeka asiyoitambua, mashine itawaka lakini betri haijai. Wanafunzi huniletea wakidhani betri imekufa, kumbe ni chaja ya elfu kumi na tano.

Nawataja hawa watatu kwa sababu wana ndugu wengi mjini. Kioo cha T480 nikikikosa leo, nakitoa kwa marehemu aliyeko kabatini, au napiga simu Dar na kinapanda treni. Ukininunulia mashine ya ajabu isiyo na mwenzake hapa Dodoma, hata nikiwa fundi wa namna gani nitakaa nayo miezi miwili nikisubiri spea.

Mimi mwenyewe nimewahi kulizwa. Mwaka 2021 nilinunua mashine safi kwenye duka moja Dar, nikaitumia wiki mbili, nikaamua kuweka Windows upya. Ilipounganishwa tu na intaneti ikaandika jina la kampuni ya ng'ambo na kunitaka niingie kwa anwani ya kazi. Ilikuwa bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani. Muuzaji hakupokea simu tena. Kwa hiyo mwambie muuzaji aweke Windows upya mbele yako, intaneti ikiwa imeunganishwa. Akisema hana muda, nawe huna hela.

Baada ya hapo igeuze. Angalia kama skrubu za chini zimechubuka. Zikichubuka, kuna mtu alishaingia. Fungua kioo kwa kidole kimoja, sikiliza bawaba. Kwenye dirisha la Command Prompt andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti itakayotoka, linganisha uwezo wa betri ilipozaliwa na uwezo wa sasa. Ikiwa chini ya nusu, punguza bei. Na usimalize laki saba zote. Bakiza laki na nusu ya betri na ya kufikisha memori GB 16, maana ramani zinakula.

*Fundi, mimi nasoma Chuo cha Mipango. Mashine yangu ni kizazi cha 6, inakataa Windows 11. Niitupe? – Mwanafunzi*

Usitupe. Weka Linux Mint, mfumo wa kuendesha mashine badala ya Windows, ni bure. Kuandika, intaneti na video za darasani vitakwenda vizuri. LibreOffice hufungua faili za Word, ila jedwali zenye mapambo mengi huteguka, kwa hiyo mhadhiri mpelekee PDF.

*Shikamoo fundi. Naweza kupuliza vumbi kwa upepo wa gereji, ule wa kujazia matairi? – Dereva, Nkuhungu*

Marahaba. Hapana. Upepo ule hutoka na maji na mafuta, na huzungusha feni kuliko uwezo wake. Tumia brashi laini ya kupakia rangi, zima mashine, chomoa betri kama inatoka, shika feni kwa kidole isizunguke. Ukimaliza na bado inachemka, ile grisi iliyo kati ya prosesa na bomba la shaba imekauka. Hiyo niletee mimi.