Tapeti 0.08 Si Ushahidi: Vipuri Mchanganyiko Kwenye Honda CG125 ya Zamani

Wiki hii msomaji ameniandikia. Amefufua Honda CG125 ya zamani, kaweka pushirodi (fimbo zinazosukuma roka), springi za valvu na kemshafti, yaani kemu, mpya za dukani, tapeti (uwazi kati ya roka na valvu) kaweka 0.08 mm, na bado injini inagonga tak-tak-tak. Ndugu yangu, tapeti zako hazina kosa. Ulichopima ni uwazi tu. Hujapima kama vipuri vinapatana.

CG125 ilitoka 1976, na injini nyingi za Kichina kwenye bodaboda zetu zimefuata muundo wake. Ndiyo maana muuzaji anakwambia "inaingia tu hiyo". Kuingia inaingia. Ila pushirodi huuzwa za urefu tofauti kufuata kimo cha silinda, na hata ukikwangua hedi (kichwa cha silinda) 0.3 mm, ni kama pushirodi ile ile tayari imekuwa ndefu kwa 0.3 mm.

Skrubu ya kurekebishia tapeti kwenye roka (mkono unaobonyeza valvu) huficha yote haya. Fila geji (bamba jembamba la kupimia uwazi) itapita vizuri huku roka imekaa upande. Basi itazame skrubu yenyewe: ikiwa imezama hadi mwisho, au imetoka hadi nati inashikilia nyuzi mbili tu, urefu wa pushirodi si wake. Ilaze kando ya ile ya zamani, pima zote kwa kalipa, kisha ibiringishe juu ya kioo uone kama imepinda.

Halafu tumia wino. Paka maka peni kwenye ncha ya shina la valvu, rekebisha tapeti, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, fungua roka utazame. Alama nyembamba ya katikati ni nzuri. Alama iliyokimbilia ukingoni maana yake roka inaisukuma valvu kiubavu: gaidi ya valvu (bomba linaloongoza shina lake) italika iwe na umbo la yai, oili ishuke, moshi wa bluu uanze.

Springi ngumu kwenye injini ya kawaida haziongezi nguvu, zinatafuna kemu. Valvu ikifunguka mwisho wake, koili za springi zibaki na uwazi wa jumla usiopungua 1 mm. Zikibanana, pushirodi inapinda.

Sasa, katika orodha yako sijaona roka za chini (zile zinazokaa juu ya kemu na kusukuma pushirodi), na mimi ningeanzia hapo. Kemu ya CG ina nundu moja tu inayoinua roka zote mbili za chini. Ukiweka kemu mpya juu ya roka zilizochimbika, nundu inalika upesi. Badilisha zote tatu pamoja, uzipake grisi ya molibdenamu kabla ya kufunga.

Baada ya kilomita 500 pima tena, injini ikiwa baridi, alama ya T ya magneti ikiwa imelingana na alama ya kwenye kava, na valvu zote mbili zimefunga. Uwazi ukiwa umepungua, valvu inazama kwenye kiti chake. Ukiwa umeongezeka sana, fungua utazame kemu.