Chozi wa Amani haishi Amani pekee
Je, ndege aitwaye chozi wa Amani huishi Amani pekee, yaani eneo la Amani katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania? Hapana, licha ya jina lake ndege huyu haishi Amani pekee: mbali na misitu ya Usambara Mashariki, yuko pia kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania, na upande wa Kenya hupatikana katika msitu wa Arabuko-Sokoke, hasa palipo na miti ya mirihi (Brachystegia). Ni wa familia ya chozi, Nectariniidae, na jina lake la kisayansi ni Hedydipna pallidigaster, ingawa vitabu vya zamani vilimweka katika jenasi Anthreptes. Wengi humkosa kwa sababu hukaa juu kabisa kwenye vilele vya miti. Inua macho umtafute dume mwenye koo la kijani kilichokoza, tumbo jeupe, na vishungi vya rangi ya machungwa pembeni mwa kifua, ambavyo havionekani kila mara.