Kualikwa kulala kwa rafiki Ufaransa

Ndugu, nimekuelewa: rafiki mliyefahamiana mtandaoni amekualika kwake Ufaransa kwa wiki 3, nawe unaona aibu kumsumbua. Aibu hiyo weka kando. Mwambie mapema aende ofisi ya meya wa mji wake akuombee attestation d'accueil, yaani cheti cha mwenyeji. Utakihitaji kwenye maombi ya viza, na polisi wa mpakani wanaweza kukidai. Akikataa katakata, mimi ningejiuliza kwa nini.

Ukifika, osha vyombo bila kuambiwa, nunua chakula mara mojamoja, na siku nyingine toka asubuhi umwache apumue. Pasipoti usimkabidhi. Tenga pesa ya hoteli ya dharura. Akikuzuia kutoka, piga 112.