Re: Washairi wachanga Mtwara tuanzie wapi?

Mkuu umeuliza muanzie wapi kutoa mashairi yenu mbele ya watu wakati hamna ukumbi wala mdhamini. Ukumbi sahau kwanza, nendeni kwenye ngoma. Sindimba, ile ngoma ya Wamakonde, ikilia watu wanajaa wenyewe bila bango, sasa ongeeni na kiongozi wa kikundi awape nafasi pale wapigaji wanapoziotesha ngoma moto ngozi ikaze, muda huo watu wamekaa tu wanasubiri, mtu mmoja anasimama anatoa shairi moja fupi basi, na msisome kwenye simu jamani mnaboa.

Tamasha la MaKuYa nalo ulizieni mapema, lile la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao.

Kibali mpitieni afisa utamaduni wa halmashauri, wengi wanaruka hapo halafu wanazimiwa spika shoo ikiwa imenoga. Na mkitaka kuweka kiingilio subirini minada ya korosho ianze watu wapate hela, kuanzia Oktoba hivi, maana mwezi wa tatu huku mtu hata buku anaionea huruma (mi mwenyewe nimo). Vipande rekodini sauti tupu, watu warushiane WhatsApp, video zinakula bando. Mpo wangapi lakini, na mnaandika za vina au huru?