Draft ya FPL: washambuliaji mapema, kipa mwishoni

FPL (Fantasy Premier League) ni mchezo wa kuunda kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani; kwenye Draft, wanaligi wanawachagua kwa zamu, raundi baada ya raundi. Msomaji ameuliza kwa nini timu yake inasuasua wakati raundi ya tatu alijichukulia kipa mkali kuliko wote. Ligi yao ina watu 8. Jibu liko kwenye hesabu, na hesabu hii ifanyeni kabla ya siku ya kuchagua.

Kila mmoja anasajili wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Mchezaji akishachukuliwa, wengine hawampati tena. Watu 8 wanahitaji makipa 16, na Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20, kila moja na kipa wake namba moja. Hata ukichelewa, kipa anayecheza utampata. Kwa washambuliaji ni kinyume: wanatakiwa 24, huku timu nyingi zikianza na namba 9 mmoja tu. Lazima kuna watakaobaki na wa benchi. Kwa hiyo kufikia raundi ya 6 uwe na washambuliaji wawili wanaoanza kila wiki. Kati ya wanaolingana, chukua anayepiga penalti. Makipa waache mpaka raundi ya 13.

Raundi ya kwanza ni ya mfungaji, na akiwa ameorodheshwa kama kiungo ni bora zaidi. Bao la kiungo ni pointi 5, la mshambuliaji 4, na kiungo anaongezewa 1 timu isipofungwa. Mohamed Salah, akiwa kiungo, alimaliza msimu wa 2024/25 na pointi 344. Kumbuka pia Draft haina kapteni: hakuna wa kukuzidishia pointi mara mbili, kwa hiyo kiungo wa tano na beki wa tatu wana uzito wake.

Foleni ya kuchagua ikifika mwisho inageuka, wa mwisho anaanza raundi inayofuata. Wa 8 anachagua zamu ya 8 na ya 9, kisha wenzake wanachukua wachezaji 14 kabla hajarudi zamu ya 24. Ukiwa pembeni hivyo, usijiulize nani bora. Jiulize nafasi ipi itakuwa imekauka ukirudi. Na panga orodha yako mapema kwenye programu. Bando likikata au muda ukiisha, mfumo unakuchagulia, na bila orodha yako unaweza kupewa mchezaji usiyemtaka.

Usichague kwa mapenzi ya klabu. Shabiki anayejaza watu wa timu moja anaumia wiki nzima timu hiyo ikifungwa.

Baada ya hapo ni maombi ya usajili, yaani kuomba kubadilisha mchezaji wako na ambaye hajachukuliwa. Wa mkiani kwenye ligi yenu anahudumiwa kwanza, na maombi hufungwa saa 24 kabla ya mwisho wa kupanga kikosi, ambao ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ya Ijumaa ya saa tano usiku kwetu inamaanisha maombi yawe yameingia Alhamisi kabla ya saa tatu na nusu usiku.