Weka hojaji pembeni, fungua gazeti: ushauri kwa wanaotafiti wasomaji wa gazeti la chuo

Kila mwaka, zinapokaribia wiki za kukabidhi ripoti za utafiti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho hunifuata wakitaka kuandika juu ya gazeti la chuo. Mimi ni mlezi wa klabu ya habari katika chuo kimoja hapa Mtwara, na kazi hii naipenda kweli. Wengi huja na hojaji iliyokwisha kuchapwa, na swali la kwanza karibu kila mara ni lile lile: huwa unasoma gazeti la chuo mara nyingi, mara chache, au husomi kabisa?

Swali hilo naomba lifutwe. Mwanafunzi anayeulizwa na mwenzake anayemwona kila siku atajibu "mara nyingi" kwa heshima tu, na akiulizwa na mwalimu ndiyo kabisa. Mwisho wa siku unapata jedwali zuri linaloonyesha kwamba karibu kila mtu anasoma, huku nakala za toleo lililopita zimelala kwenye meza ya mlinzi, hata kamba hazijafunguliwa.

Njia bora ipo, na kinachonifurahisha ni kwamba aliyeijenga alitokea kwenye gazeti la wanafunzi. George Gallup, yule wa kura za maoni, alikuwa mhariri wa The Daily Iowan, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mwaka 1928 alipata shahada ya udaktari chuoni hapo kwa tasnifu iliyohusu namna ya kupima ni nini hasa kinachomvutia msomaji ndani ya gazeti. Njia yake ni nyepesi kueleza: unakaa na msomaji, mnafungua nakala ukurasa kwa ukurasa, na kwa kila habari unamwuliza kama aliisoma. Alichokuta ni kwamba wanaosema wamesoma habari nzito ni wengi kuliko waliozisoma kweli, na kwamba picha na katuni zina wasomaji ambao mhariri hawafikirii.

Njia hiyo tumeitumia hapa na inafanya kazi. Nenda na nakala safi na penseli. Kichwa cha habari alichokiona tu, kipigie mstari mmoja. Habari aliyoianza akaiacha, pigia miwili. Aliyoimaliza, izungushie duara. Ukiwa na shaka, mwombe akusimulie iliishaje, kwa upole, isionekane unamfanyia mtihani.

Nakumbuka binti mmoja wa mwaka wa pili tuliyekaa naye kwenye kibanda cha mama lishe nyuma ya chuo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha kubwa ya mgeni rasmi akikata utepe. Aliufunua bila kusimama. Ukurasa wa pili, tahariri, akasema, "Mwalimu, hii nimeiona." Nikapiga mstari mmoja. Alipofika ukurasa wa sita, kwenye kisanduku kidogo cha vyumba vya kupanga mtaani, kidole chake kikaanza kutembea mstari kwa mstari, akanieleza chumba kipi kimeshachukuliwa, kipi mwenye nyumba wake ni mkorofi, na kipi maji hayatoki. Kisanduku hicho wahariri walikuwa wanataka kukiondoa wapate nafasi ya hotuba. Hojaji isingenionyesha kidole kile.

Jambo la pili ni nakala zenyewe. Usihesabu nakala zilizochapwa ukadhani umehesabu wasomaji. Bwenini nakala moja inazunguka chumba kizima, halafu inahamia chumba cha jirani. Mwulize kila unayekaa naye: hii uliipata kwa nani, na ukishamaliza inakwenda wapi? Majibu yatakupeleka mbali. Zetu nyingine zilifika kwa wauza vitumbua, na huko pia tulikuta watu wanaosoma kabla ya kufungia. Na kwa sampuli yako, tafadhali, usiishie bwenini. Waliopanga mitaa ya Magomeni na Chikongola hapa mjini wanaondoka kipindi kikiisha, gazeti hawalikuti, na mara nyingi ndio wanaolihitaji zaidi.

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya darasa, nako usitegemee idadi ya waliopokea faili. Mwombe mtu afungue simu yake mbele yako. Utaona mwenyewe namna kurasa zenye safu tatu zinavyomlazimisha kukuza maandishi, kusogeza kushoto, kusogeza kulia, mpaka anachoka na kufunga.

Kuna swali jingine linalozaa sana, na wakati wake ni pale gazeti lisipotoka. Mwaka 1945 wasambazaji wa magazeti wa New York waligoma, na mtafiti Bernard Berelson akatumia nafasi hiyo kuwauliza watu walikosa nini. Alichapisha matokeo mwaka 1949. Wengi walitaja habari muhimu za dunia, lakini alipowachimba zaidi aligundua walichokosa ni mazoea yenyewe: kitu cha kushika asubuhi, kitu cha kuzungumza na wenzao, matangazo ya filamu na redio. Magazeti yetu ya chuo hukatika kila kipindi cha mitihani. Wengine wanaona hiyo ni likizo, lakini kwa mtafiti hiyo ndiyo wiki ya kuingia kazini. Uliza umekosa nini. Kama hakuna aliyegundua kwamba gazeti halikutoka, hayo nayo ni matokeo, yaandike.

Angalia pia msimu. Kwetu huku, kuanzia Oktoba minada ya korosho ikipamba moto, mwanafunzi ambaye ada yake inatoka shambani Tandahimba au Newala anafungua gazeti akitafuta bei ya mnada kabla ya kitu kingine chochote. Ukimhoji mwezi wa tano, bei haitajwi kabisa, anataka habari za sapu, yaani mitihani ya marudio, na za mkopo. Matokeo ya mwezi mmoja usiyaite tabia ya wasomaji wa mwaka mzima. Taja ulihoji lini na kulikuwa na nini.

Majina usiandike. Hapa nasisitiza kuliko popote. Ukiuliza watu kama walisoma habari iliyoukosoa uongozi wa chuo, wapo watakaoogopa, na wana sababu. Mwaka 1970 Cheche, jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililoanzishwa mwaka mmoja tu kabla, lilipigwa marufuku. Nakala ulizopigia mistari zipe namba, zifungie kabatini, na msimamizi wako aone jumla tu.

Ukimaliza, usiikabidhi ripoti maktaba ukaondoka. Keti na wahariri mchana mmoja, mtandaze zile nakala zenye penseli mezani, kila mmoja aone habari yake ilisomwa mpaka aya ya ngapi. Sisi tulipofanya hivyo, kisanduku cha vyumba kilihamishiwa ukurasa wa pili, na hotuba zikafupishwa kuwa nusu safu.